Chai Imechanua Shimoni

Kwako Nekesa,

Barua hufunguliwa kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umevaa ile sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko, uko kwenye nyumba za laini za wachumaji chai, kwa akina Chebet, unaaga, na mvua hii ya mchana imewafungia ndani pamoja. Nitaitumia nafasi hiyo. Ukirudi nitakuwa nimemaliza, na barua nitaificha katikati ya mashuka ndani ya sanduku lako, uisome ukiwa umeshafika chuoni, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Mambo ya blanketi na sabuni, na ya kutomwazima mtu kandambili, baba yako anakwambia tangu juzi na atayarudia kesho pale stendi ya Kericho, mbele ya abiria wote. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukujibu lile neno lako la Jumapili.

Tulikuwa tunachambua maharagwe. Ukasema bila kuniangalia, "Mama, si uache tu hii maneno ya Japani? Baba alilipa ya kutosha." Halafu ukaongeza kwamba wewe ukishakuwa mwalimu utafundisha kilicho kwenye silabasi, basi, hutaki shida na mtu. Mimi niliendelea kutupa mawe nje ya ungo. Ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu ikitokea mdomoni hutoka na mambo yasiyohusika, kama nywele zako na marafiki zako. Kwa kalamu najizuia kidogo.

Jibu ni hapana. Siachi. Mwalimu Mkuu amesema nichague kati ya mashairi ya Sachiko na darasa langu la mtihani, na leo asubuhi nimempa jibu. Nitakwambia nimejibu nini, lakini kwanza usikie mambo yenyewe kutoka kwangu, maana wewe ulikuwa mtoto, na watu wamekujaza masikio kwa miaka.

Sachiko alikuja ukiwa bado unabebewa mkoba kwenda shule. Alikuwa msichana mfupi mwenye baiskeli kubwa kuliko yeye, ametoka Japani kujitolea kufundisha ushonaji katika shule ya wasichana ng'ambo ya mto. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Rotich, akamwomba aje kwetu kila Jumatano mchana afundishe kazi za mikono. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni, kwa hiyo mimi niliambiwa nikae nyuma ya darasa nishike nidhamu. Nilikaa nimekunja mikono. Nilidhani tutafundishwa kufuma vitambaa vya meza.

Akaomba karatasi. Hatukuwa nazo. Watoto wakakimbia kiwandani, wakarudi na vipande vya ile karatasi ya fedha inayotandikwa ndani ya masanduku ya chai. Akakunja, akakunja tena, akatokeza korongo. Watoto wakamtazama huyo korongo kwa adabu, kisha mmoja akainua mkono. "Misi, huyu hana taji." Korongo wa kwetu, wale wanaotembea kwenye majani mabichi kule bondeni, wana taji kichwani. Sachiko akasema wa kwao hawana. Mtoto akasema, "Basi hao wa kwenu ni wagonjwa." Sachiko alicheka mpaka akakaa sakafuni. Jumatano iliyofuata watoto walikuwa wamevumbua mkunjo wa kutoa taji, na mwalimu mwenyewe akaingia dawatini kufundishwa. Mimi sikuwa nimewahi kuona mwalimu akifundishwa na darasa bila kukasirika.

Alitufundisha kuandika kwa brashi na wino wa kusaga. Alitufundisha namna ya kwao ya kumpa mgeni chai: unapiga magoti, unainama, unamgeuzia bakuli ili upande wake mzuri umtazame yeye. Tulitumia chai yetu ya maziwa, kwa sababu ile ya kijani aliyokuja nayo watoto waliitemea dirishani. Tukawaalika mama zao wakitoka kuchuma, na vikapu vyao mgongoni. Fikiria, Nekesa. Wanawake wanaochuma chai toka kunapambazuka, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwapigia magoti kwa kikombe cha hiyo chai. Mmoja alitokwa na machozi, akasema ni moshi.

Mzee wa kanisa alikuja kesho yake. "Mwalimu, tumesikia watoto wanainamia kikombe. Hiyo si ni kuabudu?" Nikamuuliza, "Mzee, wewe ukiinama kufunga kamba ya kiatu, unaabudu kiatu?" Hakupenda. Nililelewa kanisani Kimilili, nimeimba kwaya tangu sijui kusoma, na sitafundishwa na mtu yeyote tofauti ya adabu na ibada. Hilo pia walilihesabu dhidi yangu baadaye.

Lakini kilichonikamata mimi ni mashairi. Sachiko alisema kwao kuna shairi fupi, la kusemwa kwa pumzi moja. Lazima liwe na kitu cha majira uliyomo. Lazima liwe kitu ulichokiona kwa macho yako. Na usieleze kwamba una huzuni au una furaha; weka kitu mezani uondoke. Watoto wakaandika walivyozoea: "Ewe chai, dhahabu ya kijani, utajiri wa taifa letu!" Akaniomba nimfafanulie hayo maneno ya mwisho. Nikamfafanulia. Akawageukia watoto na Kiswahili chake kibovu: "Utajiri, nani ameona?" Hakuna mkono uliopanda. "Basi andika ile umeona."

Majira yakawapa taabu. Yeye alizungumza juu ya theluji, na nani hapa anajua theluji? Akina sisi tunajua mvua ya mawe. Ikaja wiki hiyo hiyo, ikachanachana majani yote upande wa Boito, na msichana mmoja ambaye sikuwahi kusikia sauti yake darasani akaandika:

Mvua ya mawe.
Mama karudi mapema,
kikapu tupu.

Nilisoma hayo maneno nimesimama, nikatafuta kiti. Nilikuwa nimefundisha miaka yote hiyo, na watoto walikuwa wamenirudishia kila nilichowapa, neno kwa neno, kutoka ubaoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kitu nisichokijua. Siku hiyo niliambiwa. Nikajiona nilivyokuwa: mwalimu wa P3, ngazi ya chini, mwenye sauti kubwa, ambaye hajawahi kumuuliza mtoto ameona nini. Usije ukangoja kama nilivyongoja mimi.

Muda wa Sachiko ulipokwisha akarudi kwao. Bwana Rotich akanipa mkono, akasema, "Haya, sasa turudi kwa kazi." Nikamwambia kazi ni hii, na Jumatano yangu sitoi. Alicheka akidhani ni mzaha.

Sasa tufike kwako.

Ulikuwa darasa la tano, darasa langu. Baba yako alikuwa nyapara, tukikaa katika ile nyumba ya vyumba viwili yenye jiko la nje. Niliwaambia nyote mwende mkatafute kitu ambacho hamjawahi kukiona, siku ya wazazi inakaribia. Wewe ukaenda mpaka kule shimoni, lile bonde la chai karibu na mto, ulikokatazwa kwenda, ukarudi na matope hadi magotini. Kesho yake ukanipa karatasi:

Shimoni kule,
chai imechanua,
hakuna mtu.

Mtoto uliyezaliwa katikati ya chai, na hukuwahi kuona ua lake! Hata mimi nilikuwa nimeliona mara chache tu. Mchai unaochumwa ipasavyo haupati nafasi ya kuchanua. Ukiona maua meupe yamejaa, ujue mkono haujapita hapo siku nyingi. Mimi nilijua hilo. Kila mtu wa hapa analijua. Lakini niliposoma shairi lako niliona shairi tu. Nililiandika upya kwa brashi, nikalitundika kwenye kamba ya katani, mstari wa mbele, mahali pa heshima. Hapo ndipo nilipokosea, na nitalitaja kosa lenyewe kwa jina lake: nilijisifia macho ya mwanangu, nisijiulize kwa nini hakukuwa na mtu shimoni.

Sababu ilikuwa baba yako. Mwanamke mmoja wa kikundi chake aliteleza kwenye mteremko ule wakati wa mvua, akavunjika mguu, akarudishwa kwao. Baba yako akawaambia waliobaki, shimoni hatushuki tena mpaka kukauke. Ofisini akasema kumechumwa. Kutoka barabarani, anapopita meneja na gari lake, shimo halionekani. Hakuniambia hata mimi mkewe. Alikuwa anawafichia wanawake wale, na alifanya vizuri.

Siku ya wazazi meneja akaja na mkewe. Bwana Rotich akawatembeza kwenye kamba, akitafsiri kila karatasi kwa Kiingereza, kifua mbele. Alipofika kwa lako, meneja akasimama. Mkewe alisema ni zuri sana. Yeye hakusema ni zuri. Akauliza, "Shimo gani hii?" Na wewe, mama yangu, ukatoka kwenye mstari na soksi zako nyeupe, ukanyoosha kidole. "Kule chini, Bwana. Nikupeleke?" Nilimwona baba yako upande wa pili wa uwanja. Alivua kofia, akaivaa tena.

Kabla wageni hawajamaliza soda, Bwana Rotich alinivuta nyuma ya stoo. "Mwalimu, mwambie mtoto aseme alitunga tu. Ni shairi, si ushahidi. Hata vina haina." Baba yako naye akafika, akasema kwa sauti ya chini ambayo bado naisikia, "Mwambie aseme aliota, mama Nekesa. Nakuomba." Sikuwa nimewahi kumsikia akiniomba kitu.

Nikakataa. Niliwaambia, huyu mtoto nilimtuma mimi akaone, na ameona, na sitamgeuza mwongo mbele ya shule nzima ili watu wazima wapumue. Watu wa hapa wamekwambia kwamba sikuelewa kinachokuja. Nilielewa vizuri sana. Niliijua nyumba itakayokwenda na nilimpenda mtu atakayeumia. Nikakataa hivyo hivyo, na ukinirudisha leo nyuma ya ile stoo nitakataa tena.

Jumatatu yake unyapara ukaisha. Tukahamia chumba kimoja kwenye laini, na baba yako akarudi kubeba kikapu. Alikuwa amezoea kuandika uzito wa wengine. Vidole vyake vilikuwa vimesahau kuchuma. Wiki za kwanza wale wanawake walikuwa wakipita karibu naye, kila mmoja anatupia konzi ya majani kwenye kikapu chake bila kusema neno, ili asiaibike kwenye mzani. Hilo hakukuhadithia. Alinihadithia mimi, siku alipoanza kunisemesha tena.

Lakini wanawake wenyewe walirudishwa shimoni, na mmoja wao, mama yake Chebet, alinikuta kisimani akaniambia usoni: "Mwalimu, maua yako imeturudisha kwa shimo. Wewe uko na chaki. Sisi tuko na matope." Maneno hayo yaliniuma kuliko yote ya Bwana Rotich, kwa sababu yalikuwa kweli. Nilikuwa nimesimama imara kwa ukweli wa mwanangu, nikaenda nyumbani nikajiona shujaa. Ukweli huo ulikuwa nusu. Ulisema hakuna mtu shimoni; haukusema kwa nini. Nusu iliyobaki ilikuwa kazi yangu mimi mtu mzima, na niliilalia.

Basi nikavaa gauni la kanisani, nikaenda ofisini na mama Chebet na wenzake. Meneja alitusikiliza tukiwa tumesimama. Nikamweleza mguu uliovunjika, mteremko, mvua. Nikamwambia kama shairi la mtoto lilimtosha kumwondoa mtu kazini, basi na sisi maneno yetu yamtoshe kuchonga ngazi. Mama Chebet akadakia, "Na kama hauamini, Bwana, vaa viatu yako tushuke pamoja." Hakushuka. Lakini kiangazi kilipofika, vibarua walichonga ngazi na kuzitia magogo, na mpaka leo wanawake wanazikanyaga. Unyapara wa baba yako haukurudi. Sikuomba urudi, alinikataza.

Kwa hiyo unaposema "Baba alilipa," ni kweli, alilipa. Usidhani mimi nimesahau kwa sababu nimekaza shingo. Mimi hajanisamehe yote, na mambo hayo ni yetu wawili, tutazeeka nayo. Lakini wewe hajawahi kukulaumu hata siku moja. Nilimuuliza juzi alipokuwa anapigilia misumari sanduku lako. Akasema, "Nimlaumu nini? Mtoto aliona. Mimi ndiye nilikuwa nataka isionekane." Kisha akaniambia nimshikie kibao vizuri.

Kinachoniuma ni kwamba tangu siku ile hujaandika mstari hata mmoja. Umekuwa msichana wa kuangalia chini. Walimu wako wa sekondari waliandika kwamba una adabu sana, na kila waliposema adabu mimi niliona kidole kile kilichonyooshwa uwanjani kikirudi mfukoni. Walikufundisha kwamba uliona kitu kibaya. Hukuona kitu kibaya, Nekesa. Uliona ua. Wakubwa ndio waliokuwa wamelizungushia uongo, mmoja kwa huruma na mwingine kwa hesabu zake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na haki ya kukuomba uyafumbe macho. Usimwombe mtu yeyote msamaha kwa shairi lile. Hata baba yako. Hata mimi.

Ukitaka kufundisha silabasi, fundisha silabasi, na uifundishe vizuri. Watoto wa maskini wanaihitaji kuliko mtu yeyote. Sikulazimishi korongo wala brashi. Japani yenyewe sijaifika na huenda sitaifika. Kama kwao Sachiko kungekuwa na mashairi marefu yenye vina ningefundisha hayo. Mimi nilichokipata kwake ni ile ruhusa ya kumwambia mtoto wa mchumaji: kaone, halafu njoo utuambie. Wako watu ambao watakuchukia kwa sababu hiyo kuliko ukiwachapa watoto hao mpaka watoke damu. Utawajua. Watakuambia kwa upole kwamba hayo hayamo kwenye mtihani.

Na siku mtoto wako wa darasani atakaposema alichokiona, na mwenye gari akauliza ni shimo gani, usimwache asimame peke yake na soksi zake nyeupe. Mimi nilikupigania nyuma ya stoo, wakati pale uwanjani ulikuwa peke yako. Wewe toka mbele. Useme, "Mimi ndiye niliyemtuma."

Sasa jibu la leo asubuhi. Nilimkuta Bwana Rotich anafungua ofisi. Si mtu mbaya. Amezeeka akiogopa wageni wa gari. Akasema kamati imechoka, wazazi wanauliza kama mashairi ya Japani yatakuja kwenye mtihani, mzee wa kanisa ameanza tena. Akasema, "Mwalimu, chagua. Uache hii kitu, ama nikutoe darasa la saba."

Nikamwambia, "Nitoe."

Nadhani alikuwa amejiandaa kwa machozi. "Nitakupeleka darasa la kwanza," akasema. "Hao hata kushika kalamu hawajui."

"Hawajui," nikamwambia. "Na kuogopa pia hawajui bado. Nipe hao."

Mvua imepungua, nasikia sauti yako kwa jirani. Mungu akutangulie, akulinde, na akurudishie ulimi wako. Safari njema, mwanangu. Jumatatu saa mbili, wewe ukiingia darasani kama mwanafunzi, ujue na mimi naingia kwangu.

Mama yako,
Mwalimu wa Darasa la Kwanza